Malinin Aliruka Samasoti Akapigiwa Makofi, Surya Bonaly Aliruka Akakatwa Pointi: Nini Kilibadilika?

Kama ulikuwa mtandaoni Februari 2026, hiyo klipu lazima ilikupata. Chali wa Marekani, Ilia Malinin, yuko kwenye barafu ya Milano, Olimpiki ya msimu wa baridi. Anateleza, anajirusha kinyumenyume, kichwa chini miguu juu, halafu anatua kwenye chuma chembamba cha kiatu kama mtu ameshuka tu ngazi. Uwanja mzima unapiga nduru. TikTok inawaka.

Wasee wakasema huyu jamaa ni noma. Na ni ukweli, ni noma. Lakini ukishuka kwenye komenti, kuna jina moja lilikuwa linarudi kila saa: Surya Bonaly. Wengi wetu hatukuwa hata tumezaliwa wakati huyo dem wa Ufaransa aliruka samasoti hiyo hiyo, kwenye Olimpiki, akatua kwa mguu mmoja. Yeye hakupewa maua. Alikatwa pointi.

Sasa tukae chini tuibonge hii kitu polepole. Barafu ni ile ile, mwili wa binadamu ni ule ule, samasoti ni ile ile. Kilichobadilika ni sheria. Na ukitaka kuelewa mchezo wa kuskeiti kwenye barafu, usianze na zile nguo za kumetameta. Anza na swali moja: nani anaandika sheria, na anaandika akimfikiria nani?

Nagano, 1998

Wakenya tuko na sababu yetu ya kukumbuka Olimpiki ya Nagano, Japani. Hapo ndipo Philip Boit aliiwakilisha Kenya kwenye mbio za ski za kilomita 10, akamaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Picha hiyo ilizunguka dunia.

Wiki moja hivi baadaye, kwenye Olimpiki hiyo hiyo, Bonaly aliingia kwenye barafu kwa mara yake ya mwisho kama mshindani wa Olimpiki. Alikuwa na miaka 24. Hakuwa mgeni hapo. Alikuwa bingwa wa Ulaya mara 5 mfululizo, 1991 hadi 1995. Kwenye mashindano ya dunia alikuwa amechukua fedha mara 3 mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Dhahabu ya dunia, hakuwahi kuiona.

Ile ya 1994, kule Chiba, Japani, ndiyo ilimuuma zaidi. Yeye na Yuka Sato, mwenyeji, walikaribiana sana kwa majaji, Sato akapewa. Bonaly alikataa kupanda jukwaani, akasimama kando. Alipopandishwa na kuvalishwa medali, akaivua. Watu wakamzomea. Magazeti yakamuita msumbufu.

Rudi Nagano. Amewahi kuumia kano ya kisigino, mwili unauma, na baada ya raundi ya kwanza yuko nafasi ya 6. Anajua medali haiko. Kwa hivyo katikati ya programu yake ya mwisho anaamua: hapa naruka yangu. Samasoti ya nyuma, akatua kwa mguu mmoja. Alimaliza akiwa amewapa majaji mgongo. Matokeo: nafasi ya 10. Akaachana na mashindano, akaenda kuskeiti kwenye maonyesho, ambako samasoti hailetei mtu ngori.

Kwani samasoti ilikuwa na shida gani?

Hapa lazima tuwe fea. Sheria haikuandikwa kumlenga Bonaly. Mtu wa kwanza kuruka samasoti kwenye Olimpiki alikuwa Terry Kubicka, mzungu wa Marekani, Innsbruck mwaka wa 1976. Muda mfupi baadaye shirikisho la dunia, ISU, likaipiga marufuku. Bonaly wakati huo alikuwa mtoto mdogo tu.

Sababu zilikuwa mbili. Moja, ni hatari: ukikosea, kichwa ndicho kinapokea barafu. Mbili, samasoti ya kawaida unatua kwa miguu miwili, na kwenye huu mchezo mruko halali lazima utue kwa mguu mmoja.

Sasa ona kitu Bonaly alifanya. Alitua kwa mguu mmoja. Ile sababu ya pili aliijibu pale pale, mbele ya dunia nzima. Adhabu ikabaki.

Na hii si mara ya kwanza sheria za barafu kukimbizana na mtu aliyefanya kitu ambacho hawakutarajia.

Historia fupi, bila kukuchosha

Zamani, kuskeiti huku kulikuwa kuchora. Si utani. Mtu alikuwa anachora miduara na namba 8 kwenye barafu kwa chuma cha kiatu, halafu majaji wanainama kuangalia kama mistari imenyooka. Miaka ya 1860, Mmarekani anaitwa Jackson Haines, aliyejua kudansi, akaanza kuskeiti na muziki na kurusha mikono. Kwao hawakumwelewa. Akahamia Ulaya, Vienna wakampenda kabisa. Ile spini ya kuchuchumaa unayoona leo inahesabiwa kuwa yake.

ISU iliundwa 1892. Mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika 1896, St Petersburg, Urusi. Mwaka wa 1902, London, kukatokea kioja. Mwanamke Mwingereza, Madge Syers, akajiandikisha. Wakafungua kitabu cha sheria wamtoe, wakakuta hakuna mahali imeandikwa wanaume pekee. Hakuna aliyewahi kufikiria mwanamke angekuja! Akaskeiti, akamaliza wa pili, nyuma ya Ulrich Salchow wa Sweden, mtu aliyeshinda dunia mara 10.

Baada ya hapo walimpa hongera? Wapi. Walibadilisha sheria kuzuia wanawake. Mashindano yao ya kando yakaja 1906, na Syers akashinda. Mwaka wa 1908, mchezo ulipoingia Olimpiki ya London, akashinda pia.

Ile michoro nayo ilikaa kitambo. Kwa miaka mingi ilibeba zaidi ya nusu ya alama. Olimpiki ya 1972, Beatrix Schuba wa Austria alichora vizuri sana mpaka akashinda dhahabu, ilhali kwenye programu ya muziki alikuwa wa 7. Watu kwenye TV hawakuona michoro, waliona tu programu ya muziki, kwa hivyo walishangaa: huyu ameshindaje? Mwaka uliofuata programu fupi ikaongezwa na uzito wa michoro ukapunguzwa. Ilipofika 1990, michoro ikafutwa kabisa kwenye mashindano makubwa.

Umeona vile kunaenda? TV ilipoingia, kilichoitwa ustadi wa kweli kikawa kitu cha kuchosha. Barafu haikubadilika. Mtazamaji ndiye alibadilika, na sheria ikamfuata.

Jinsi ya kusoma miruko kama mtu ako na rada

Ili usidanganywe na makofi, jua hii. Chuma cha kiatu kina makali mawili, ya ndani na ya nje, na mbele kina meno madogo. Miruko mikubwa ni 6, na tofauti zake ziko kwenye vile unaondoka chini.

Tatu ni za meno: unachomeka meno ya mguu mmoja kwenye barafu, unajirusha. Hizi ni tolupu, flipu na Lutz. Tolupu ndiyo rahisi kuliko zote. Flipu inaondokea makali ya ndani. Lutz inaondokea makali ya nje, ambayo yanakuvuta upande mmoja wakati wewe unazunguka upande mwingine. Ndio maana ni ngumu, na ndio maana wengi wanaiba: sekunde ya mwisho wanageuza makali kiujanja. Majaji wako na video, wanakuona.

Tatu ni za makali: hakuna meno, unaruka kwa goti na kasi. Hizi ni Salchow, lupu na Axel. Salchow ni yule yule wa mataji 10, aliibuni 1909. Axel imetoka kwa Axel Paulsen wa Norway, aliyeionyesha 1882.

Usipokumbuka kingine chochote, kumbuka Axel. Ndiyo pekee mtu anaruka akiangalia mbele. Zingine zote unaondoka kinyumenyume. Kwa sababu kila mruko unatua kinyumenyume, Axel ina nusu mzunguko wa ziada. Kwa hivyo Axel ya mara nne ni mizunguko minne na nusu hewani, kwa muda usiozidi sekunde moja hivi. Yuzuru Hanyu wa Japani, bingwa wa Olimpiki mara mbili, aliijaribu Beijing 2022 akaanguka. Septemba mwaka huo huo, Lake Placid, Malinin akaitua akiwa na miaka 17. Alikuwa mtu wa kwanza kwenye mashindano.

Kando ya miruko kuna spini: ya kusimama, ya kuchuchumaa, na ile mguu mmoja umenyooshwa nyuma usawa wa kiuno. Kuna pia hatua za miguu, ambazo watu wengi wanapita tu lakini hapo ndipo unajua nani amefunzwa vizuri. Wawili wawili wako na kategoria mbili: wale wanaorushana na kuinuana juu ya kichwa, na wale wa dansi ya barafu, ambao hawaruhusiwi kuinuana hivyo. Dansi ni miguu na ukaribu.

Alama zinatoka wapi?

Kwa miaka mingi jaji alikuwa anatoa alama mpaka 6.0, moja ya ufundi, moja ya uwasilishaji. Hiyo ya pili ndiyo ilikuwa shamba la bibi. "Ana neema." "Hana neema." Nani anapima neema?

Hapo ndipo Bonaly alikuwa anapoteza. Alitoka kwenye jimnastiki, mwili wa nguvu, miruko mikubwa. Wakosoaji walisema anaruka tu, haskeiti. Wengine walikuwa na hoja, makali yake na miguu yake havikuwa laini kama vya wapinzani wake. Lakini pia tuseme ukweli: mfano wa neema waliokuwa nao kichwani ulikuwa binti mwembamba mweupe wa sanduku la muziki. Bonaly alikuwa mweusi, misuli, rangi kali kwenye nguo. Alama moja moja huwezi kuthibitisha ilikatwa kwa nini. Ndio ubaya wa alama ya hisia, haiachi risiti.

Na mlango huu ulikuwa umefungwa kabla yake. Mabel Fairbanks, Mmarekani mweusi, alikatazwa kuingia viwanja vya barafu New York miaka ya 1930 na hakuruhusiwa kushindana. Akawa kocha, na ndiye aliyemuunganisha Tai Babilonia na Randy Gardner, waliokuja kuwa mabingwa wa dunia 1979. Debi Thomas akachukua dunia 1986, na shaba ya Calgary 1988, mtu mweusi wa kwanza kupata medali ya Olimpiki ya baridi. Kwa hivyo mtu asikwambie watu weusi hawakuwa wanapenda barafu. Barafu ndiyo ilikuwa na mlinzi mlangoni.

Mfumo wa 6.0 ulikufa kwa aibu. Salt Lake City 2002, Warusi walipewa dhahabu ya wawili wawili juu ya Wakanada Jamie Salé na David Pelletier. Jaji wa Ufaransa akadai alishinikizwa kupiga kura hivyo, baadaye akageuza maneno. Kelele ikawa kubwa mpaka Wakanada wakapewa dhahabu ya pili. Mwaka wa 2004 ISU ikaleta hesabu mpya.

Siku hizi kila mruko una bei. Axel ya mara nne inaanzia 12.50. Lutz ya mara nne, 11.50. Axel ya mara tatu, 8.00. Majaji 9 wanaongeza au kupunguza kutegemea ubora, kutoka -5 hadi +5, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa. Ukianguka, unakatwa. Alama za usanii bado ziko, lakini angalau sasa kuna karatasi unaweza kusoma ukauliza maswali.

Karatasi hiyo pia imeleta shida zake. Bei ya miruko ikipanda, makocha wanatafuta miili midogo inayozunguka haraka. Beijing 2022, Kamila Valieva wa Urusi alikuwa na miaka 15 wakati kesi yake ya dawa ilipolipuka. Januari 2024 mahakama ya michezo ikamfungia miaka 4, na dhahabu ya timu ikaenda Marekani. ISU nayo ikapandisha umri wa kushindana na wakubwa kutoka 15 hadi 17. Tena, sheria ilikuja baada ya mtoto kuumia.

Nani alifungua mlango wa samasoti?

Mfaransa mwingine, na hii ndiyo sehemu tamu. Januari 2024, Adam Siao Him Fa akiwa mbele kwenye mashindano ya Ulaya kule Kaunas, Lithuania, aliruka samasoti akijua ni haramu. Akakatwa pointi 2, na bado akashinda. Machi, kwenye mashindano ya dunia Montreal, alikuwa nafasi ya 19 baada ya programu fupi. Akaruka tena, akakatwa tena, akamaliza na shaba. Klipu zikaenda kila mahali.

Miezi michache baadaye ISU ikaondoa marufuku. Hoja yao ilikuwa kwamba samasoti inavutia watazamaji na haina maana tena kuikataza.

Soma hiyo tena polepole. Hatari haikuisha. Kichwa bado kinaweza kupokea barafu. Kilichoongezeka ni thamani ya klipu, wakati mchezo unatafuta macho ya vijana. Kama TV ilivyoua michoro, simu imefungulia samasoti.

Sisemi Malinin hastahili. Alipata mlango uko wazi akaingia, hata wewe ungeingia. Na barafu haikumbembeleza. Marekani ilichukua dhahabu ya timu kule Milano, lakini kwenye shindano lake mwenyewe, huyu bingwa wa dunia wa 2024 na 2025 alianguka, akamaliza wa 8. Dhahabu ikaenda kwa Mikhail Shaidorov wa Kazakhstan. Samasoti haina bei kwenye ile karatasi ya miruko. Inaruhusiwa, inapendeza, lakini miruko yako ikikataa siku hiyo, haikuokoi.

Sasa inatuhusu nini?

Nai barafu ya kushindania ni kitu adimu. Vijana wa Ice Lions, timu yetu ya hoki, walijifunzia kwenye uwanja mdogo wa hoteli ya Panari, Mombasa Road. Wengi wetu tunajua skeiti za magurudumu, zile za wikendi tao, mtu anapita katikati ya watu kinyumenyume akichocha wapita njia.

Lakini hii kitu ya majaji unaijua. Umewahi kuona shindano la dansi mtaani ambapo mbogi moja imewasha watu wote, halafu wanashinda wengine kwa sababu "mtindo wao ni safi"? Umewahi kuambiwa kazi yako ni nzuri lakini "haijakaa vile tulikuwa tunataka"? Uliza karatasi. Kila kigezo kiandikwe, kila alama iwe na jina la aliyeitoa. Hiyo haimalizi ubaguzi, lakini inaupunguzia mahali pa kujificha. Barafu ilihitaji zaidi ya miaka 100 na kashfa moja kubwa kufika hapo.

Surya Bonaly bado yuko hai, ameona haya yote. Alifanya kocha Marekani kwa miaka. Hakuna mtu anaweza kumrudishia Nagano. Ukifungua matokeo ya Olimpiki ya 1998 leo, bado yameandikwa: nafasi ya 10.

Tafuta hiyo video, uiangalie bila sauti ya watangazaji. Halafu utuambie: wewe ungempa ngapi?